Mpango wa chakula wa Disney World: tuko saba, hatunywi pombe, tununue au tuache?

MamaRayyan_Houston

Asalaam aleikum na habari zenu nyote.

Tunaenda Disney World, Orlando, mwishoni mwa Julai, inshallah. Usiku 5. Tumeshika nafasi hoteli ya Disney ya Art of Animation, kile chumba cha familia, kwa sababu ndicho kinachotutosha bila kugawana vyumba viwili. Tupo mimi na mume wangu, mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, binti wa miaka 12, Rayyan ambaye anatimiza 10 tarehe 14 Julai, mdogo wake wa 6, na kitinda mimba wa 2.

Sasa tunabishana nyumbani kuhusu chakula. Baba Rayyan anataka tununue ule mpango wa kulipia chakula mapema, ule mkubwa wenye mlo wa kukaa mezani. Hoja yake ni kwamba hataki kutoa kadi kila saa na watoto wanamvuta shati. Mimi nikipiga hesabu napata zaidi ya dola 2,500 na moyo unakataa. Kwenye hela hiyo inatoka nauli ya mtu mmoja kwenda Dar na kurudi. Tena mama mkwe chakula chake kwa siku ni chai, mkate, na wali kidogo jioni.

Hatunywi pombe. Tunakula halali. Waliokwenda na familia kama yangu, niambieni ukweli.

BintiKisauni

Waalaikum salaam, dadangu. Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa, lakini naishi Kissimmee, na shule zikifungwa jamaa hunijia na watoto wao. Hesabu hii nimewapigia wengi mezani kwangu, basi na yako naipiga hapahapa.

Familia yako kama ilivyo, usinunue. Mpango ule unawafaa watu wa aina mbili: wenye watoto wa miaka 3 hadi 9, na watu wazima wanaopenda bia au divai na chakula, maana kinywaji kimoja cha pombe kwa kila mlo kimo ndani ya bei kwa aliyefikisha miaka 21. Ukitoa pombe, mtu mzima anakuwa amelipia kitu asichokitumia. Na mtoto akitimiza 10, kwa Disney huyo ni mtu mzima. Rayyan atakula vijiti vya kuku vilevile alivyokula wiki mbili zilizopita, lakini bei yake itakuwa kama ya babake.

Bei ninazozikumbuka vizuri ni za 2024, mwaka ambao mpango ulirudi baada ya kusimamishwa wakati wa korona. Tangu hapo zimepanda, ila umbo la hesabu halijabadilika. Mpango mkubwa ulikuwa dola 94.28 kwa mtu mzima na 29.69 kwa mtoto, kwa kila usiku. Ule mdogo, wa kula kwenye kaunta tu, 57.01 na 23.83. Ninyi mna watu wazima watano kwa hesabu yao na mtoto mmoja; wa miaka 2 halipiwi. Hiyo ni dola 501 kwa usiku, na kwa usiku 5 ni 2,505. Hesabu yako ni sahihi.

Tazama unachopata: mlo mmoja wa kukaa mezani, mlo mmoja wa kaunta, kitafunwa kimoja, na kikombe cha kujaza soda hotelini. Hotelini tu, kwenye bustani za michezo hakijazwi. Milo miwili kwa siku, kwa hiyo kifungua kinywa bado kinatoka mfukoni. Sasa mtu mzima asiyekunywa pombe akae mgahawa wa kawaida, ale chakula cha dola 28, soda na kitu kitamu, aende kaunta mchana, ale aiskrimu: hata ukiongeza kodi na kikombe anafika kama dola 75 hivi. Amelipa 94. Ili hela yake irudi, inabidi kila jioni aende bafe za wahusika, zile Mickey anapita mezani, ambazo mtu mzima ni dola 60 hivi. Huyo mama mkwe wako utampeleka bafe kila jioni, baada ya kutembea juani kutwa nzima, Julai ya Florida? Na mpango haukuruhusu kumwacha nje. Wote walio kwenye nafasi moja, kuanzia miaka 3, lazima wanunue mpango uleule. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapoona familia zetu, kwa sababu sisi tunasafiri na wazee, na mzee anakula vijiko vitatu.

Halafu kuna bakshishi. Haimo. Mkiwa watu 6 au zaidi mezani, asilimia 18 inawekwa moja kwa moja kwenye bili, na inapigwa kwa bei ya menyu, si kwa sababu mmeshalipa basi imekwisha. Watu kama ninyi kwenye bafe ni kama dola 60. Baba Rayyan kadi ataitoa tu.

Sasa jambo ambalo ningekuwa wewe ningelishughulikia leo. Sogeza safari iwe kabla ya tarehe 14 Julai. Rayyan akiingia akiwa na miaka 9, ni mtoto kwenye mpango na ni mtoto kwenye tiketi za bustani pia. Kwa bei zile za 2024, kwenye mpango mkubwa pekee tofauti yake ni dola 64.59 kwa usiku, yaani 322.95 kwa safari nzima.

Hata hapo bado nasema msinunue. Nitakachofanya mimi kama ni familia yangu: chumba chenu kina friji ndogo na maikrowevu. Siku ya kufika mpitie duka la vyakula kama Publix au Walmart, mnunue maziwa, mkate, mayai ya kuchemsha, matunda, majani ya chai kwa ajili ya mama. Kifungua kinywa kinaliwa chumbani. Disney inaruhusu kuingia na chakula chako bustanini, isipokuwa vyombo vya glasi, pombe na barafu iliyo huru. Nami kila mara naingia na chapati zilizokunjwa na viazi karai kwenye begi. Mlinzi anafungua begi, anatazama, unapita. Maji ya barafu kwenye vikombe unapewa bure kwenye kaunta za chakula, omba tu. Mchana kaunta, jioni moja mnafanya kubwa. Kwa mtindo huo, mkienda Rayyan akiwa bado 9, mtatumia kama dola 1,600 pamoja na vitu vya dukani. Mpango mkubwa ungekuwa 2,182 bila bakshishi na bila kifungua kinywa.

BabaMapacha_Minneapolis

Hujambo Mama Rayyan. Naheshimu hesabu ya dada hapo juu, iko sawa. Lakini mimi niko upande wa mume wako na ningependa asikilizwe.

Mapacha wangu wana miaka 7. Kwa watoto wa rika hilo hakuna ubishi: bafe moja ya mtoto ni kama dola 35 kabla ya kodi, na mpango wake wa siku nzima ni chini ya hapo. Mimi na mama yao huchukua glasi ya divai jioni, kwa hiyo nasi hatupotezi. Tena kwa paketi za 2026 Disney ilitangaza kwamba watoto wa 3 hadi 9 wanapata mpango bure watu wazima wakinunua wao. Soma masharti kabla ya kulipa, maana punguzo la aina hii aghalabu halichanganywi na punguzo la chumba.

Ila sababu yangu kubwa si bei. Nafanya zamu za usiku, na safari kama hii naiwekea akiba mwaka mzima. Napenda kulipa kidogo kidogo mpaka imalizike, nikipanda ndege najua chakula kimelipwa. Mtoto akisema "Baba, naomba ile aiskrimu ya Mickey," jibu langu ni ndiyo. Sisimami mbele ya kaunta nikisoma bei huku wananitazama usoni. Nimekua kwa nyumba ambayo kila kitu kiliulizwa bei kwanza, na sitaki wanangu waikumbuke Disney hivyo. Hiyo kwangu ina thamani ya dola kadhaa juu.

BintiKisauni

Baba Mapacha, nimekuelewa kabisa, na kwa familia yako mpango unafaa. Watoto wawili wa miaka 7 na wazazi wanaokunywa divai, hao ndio uliotengenezewa.

Kwa Mama Rayyan, utulivu huo unapatikana kwa njia nyingine. Nunua kadi za zawadi za Disney dukani, kidogo kidogo kila mwezi, mpaka zifike dola 1,600. Zinapokelewa karibu kila mahali pa chakula kule. Baba Rayyan anaingia na hela iliyokwisha kutengwa, na zikibaki ni zako. Krediti za mpango, yaani milo na vitafunwa ulivyokwisha kulipia, zisipotumika mpaka usiku wa manane siku ya kuondoka, zinapotea. Nimeona watu siku ya mwisho wakibeba mifuko ya peremende hotelini ili tu krediti zisife.

MamaRayyan_Houston

Nawashukuru sana. Nimempa simu Baba Rayyan asome mwenyewe. Ile ya kadi za zawadi imemwingia, na ya tarehe 14 imetushtua sote, hatukuifikiria kabisa.

Nina maswali mawili. Halali mnafanyaje? Na ile jioni moja kubwa, wapi ambapo mama atakula akafurahi? Hajali Mickey. Anataka kukaa pazuri.

JirarwaDallas

Kwa faida ya wengine watakaosoma: mkichukua vyumba viwili kwa nafasi mbili tofauti, chumba kimoja kinaweza kuwa na mpango na kingine kisiwe nao. Shemeji yangu alifanya hivyo, wazee chumba chao bila mpango, yeye na watoto wake wadogo wana mpango. Kwa chumba kimoja cha familia kama cha Mama Rayyan haiwezekani.

BintiKisauni

Halali: kwenye mgahawa wa kukaa mezani, ukishashika nafasi, andika ombi hilo kwenye nafasi yenyewe, kisha piga simu siku kadhaa kabla mkubaliane. Ukifika mkumbushe anayewahudumia. Kwenye kaunta sitegemei nyama. Tunakula samaki, au vyakula visivyo na nyama kabisa, ambavyo kwenye menyu vina alama ya jani. Na hapo ndipo mpango ungewaumiza tena, kwa sababu vyakula hivyo mara nyingi ndivyo vya bei ya chini kwenye ubao, nanyi mngekuwa mmelipa sawa na anayeagiza sahani ghali kuliko zote.

Kuhusu mama, mpeleke mgahawa unaoitwa Sanaa. Iko Kidani Village, kwenye hoteli ya Animal Kingdom Lodge, na huhitaji tiketi ya bustani kuingia. Madirisha yanatazama mbuga, twiga na punda milia wanapita karibu kabisa. Agizeni ile sinia ya mikate: mikate kama naan ya aina tano, na achari na rojo tisa za kuchovya. Mtu wa Tanga atakaa hapo saa mbili bila kuuliza mnaondoka lini. Sinia hiyo iko kwenye vianzio, na vianzio haviingii kwenye mpango wa chakula, kwa hiyo hata mngenunua mpango mngeilipia. Agizeni mbili, muongeze sahani mbili tatu za katikati, mle pamoja kama nyumbani.

Watoto wakidai wahusika, mgahawa wa Tusker House ndani ya bustani ya Animal Kingdom una Donald na wenzake. Uko kwenye kile kijiji cha Harambe kilichojengwa kwa kuiga Lamu, na mama atafurahi kutazama kuta na milango hata kama hali kitu. Lakini chagueni moja, Sanaa au Tusker House.

Nafasi za migahawa zinafunguliwa siku 60 kabla ya kufika, asubuhi na mapema kwa saa za Florida. Kwa kuwa mnalala hoteli ya Disney, siku hiyo moja mnaweza kushika nafasi za safari yenu nzima. Sanaa mwombe ya saa kumi na moja jioni, twiga wakiwa bado wanaonekana. Mkishika msiende, mnakatwa dola 10 kwa kila mtu.

MamaRayyan_Houston

Tumehamisha. Tunafika tarehe 7 Julai, tunaondoka 12. Tiketi ya Rayyan imeshuka pia. Mpango hatununui. Kadi ya kwanza ya dola 200 Baba Rayyan amekwisha kuinunua leo akitoka kazini.

Dada, Publix ipi iko karibu na njia ya kutoka uwanja wa ndege?

BintiKisauni

Ziko kadhaa njiani, ila msihangaike kusimama na watoto wamechoka. Agiza kwa simu mkiwa bado Houston, waeleze walete hotelini kwa jina lililo kwenye nafasi yenu. Mapokezi ya mizigo wanapokea kwa ada ndogo na maziwa wanayaweka baridi. Majani ya chai beba ya kwenu. Ya huku mama hatayapenda.