Prosesa au kadi?

*Kikundi: Ukoo Wetu*

Bakari: Hamjambo wote. Nimejinyima mwaka mzima, sasa hela ya kununua kitu kimoja cha kompyuta ipo. Nimeamua nachukua kadi ya michoro (GPU), RTX 4060. Kabla sijalipa, kuna mwenye neno?

Mjomba Juma: Chukua tu mjomba. Kadi ndiyo inayochora gemu, vingine vyote vinasindikiza.

Dada Asha: Shikamoo mjomba. Bakari ngoja kwanza. Ndani ya mashine yako kuna nini? Nitajie kimoja kimoja.

Bakari: Prosesa ni Ryzen 5 2600, kadi ni GTX 1060 ya GB 6, RAM GB 16, mothabodi ya B450. Monita ni 1080p, hertz 144, yaani inabadilisha picha mara 144 kwa sekunde.

Dada Asha: Na kinachokusumbua hasa ni nini?

Bakari: Gemu ya Counter-Strike 2. Nikiwa peke yangu kwenye kona inateleza vizuri. Ukirushwa moshi, watu wanne watano wakitokea kwa pamoja, inasuasua. Namlenga mtu, picha inashtuka, ikitulia nimeshakufa.

Neema: Kweli. Juzi tukicheza wote nilikuwa namsikia, "imekwama tena, imekwama tena".

Dada Asha: Basi tusibahatishe hela ya mwaka mzima. Kadi yako ni toleo la 2016, prosesa ya 2018. Zote zimekula chumvi, kwa hiyo umri hautuambii nani anamchelewesha mwenzake. Ingia kwenye gemu, washa kipimo cha FPS (fremu, yaani picha, kwa sekunde) na asilimia ya GPU inayotumika, andika unachokiona. Kisha shusha rezolusheni (wingi wa nukta, yaani pikseli, za picha) hadi 720p, kingine chochote usiguse, rudia ramani ileile.

Mjomba Juma: Marahaba Asha. Sasa kushusha kunatuambia nini? Si picha itakuwa mbovu tu?

Dada Asha: Mjomba, kwa kila fremu prosesa ndiyo inayojua nani yuko wapi na risasi imepita wapi, halafu inaiagiza kadi ichore. Kadi inapaka pikseli. 1080p ni pikseli zaidi ya milioni 2, 720p hazifiki hata milioni 1. Ukishusha, kadi inapumua lakini kazi ya prosesa inabaki karibu ileile. FPS ikipanda sana, mchelewaji alikuwa kadi. Ikibaki palepale, kadi ilikuwa imekaa inasubiri kuagizwa.

Bakari: Nimerudi. 1080p: FPS 105 hivi, GPU 62%. 720p: FPS 107, GPU 38%.

Bakari: Dada, haijapanda! Lakini mbona prosesa nayo inaonyesha 55% tu? Si ina maana bado ina nguvu?

Dada Asha: Hapo ndipo wengi wanapopotea. 2600 ina kori 6 na nyuzi 12, yaani inaweza kushika kazi 12 kwa pamoja, na hiyo asilimia ni wastani wa zote 12. Gemu nyingi zina uzi mmoja mkuu unaobeba mzigo mzito. Uzi huo ukijaa kabisa, kwenye wastani unaonekana kama 8% tu. Wengine wamekaa wanapumzika, mmoja anatokwa jasho, na wote wanamngoja huyo. Ndiyo maana naangalia GPU kwanza. Kadi ikiwa 97 hadi 99%, ndiyo kikomo. Ikiwa 62% na hujaiwekea FPS ukomo mahali popote, kikomo kiko kwingine.

Neema: Mimi yalinikuta kinyume. Nilibadilisha prosesa nikiwa na monita ya 4K ya hertz 60. Nilikaa mbele ya mashine nikitafuta tofauti, sikuiona. Kadi ilikuwa 99% kabla, ikawa 99% baada. Iliniuma sana, kwa sababu hakuna aliyeniambia nipime.

Mjomba Juma: Bakari, ile Cyberpunk 2077 uliyonionyesha umeipima?

Bakari: Sasa hivi. 1080p: FPS 34, GPU 99%. 720p: FPS 51.

Mjomba Juma: Umeona! Kadi hiyo.

Dada Asha: Kwa gemu hiyo uko sahihi kabisa mjomba. Mashine ni moja, majibu mawili. Bakari, unacheza ipi zaidi?

Bakari: CS kila usiku. Cyberpunk nimeshaimaliza, narudi mara mojamoja.

Mjomba Juma: Basi nimekuelewa Asha. Prosesa kwanza.

Dada Asha: Bado kuna cha bure. Bakari, fungua Task Manager, sehemu ya memori. Kasi imeandikwaje?

Bakari: 2133. Slot 2 kati ya 4.

Dada Asha: Zima, fungua ubavu, mulika RAM kwa tochi ya simu. Stika inasemaje?

Bakari: 3000!! Zote mbili.

Dada Asha: Umeinunua ya 3000 na miaka yote imetembea 2133. Ingia BIOS (programu ya mothabodi inayoiamsha mashine), washa XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM kwenda kasi ya kwenye stika. Ryzen zinategemea sana kasi ya RAM, kwa sababu njia inayounganisha sehemu za ndani za prosesa inakwenda na kasi hiyohiyo.

Bakari: FPS 118. Moshi bado unasumbua, ila mshtuko umepungua. Bila kununua kitu!

Dada Asha: Afadhali. Sasa chukua Ryzen 5 5600. Soketi, pale prosesa inapokaa, ni ileile AM4, umeme ni wati 65 kama ya zamani, mothabodi inabaki. Kadi yako ina nafasi ya kuifikisha CS karibu na fremu 144, na monita yako haionyeshi zaidi ya hapo. 4060 itangoja zamu yake.

Neema: Asije akasahau BIOS.

Dada Asha: Ndiyo, sasisha BIOS ukiwa bado na 2600 ndani. Ukitangulia kuitoa, BIOS ya zamani haitaitambua 5600 na hutapata picha. Umeme usikatike katikati.

Dada Asha: Na heatsink, kile kipoza joto kilicho juu ya prosesa, usiivute juu kwa nguvu. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe. Paste ya kupitisha joto iliyo kati yake na heatsink ikikauka inashika kama gundi. Heatsink yangu ilichomoka na prosesa ikining'inia chini yake, pini tatu zimelala. Nilizinyoosha kwa ncha ya sindano usiku kucha. Cheza gemu nusu saa paste ipate moto, zima, chomoa waya, kisha zungusha heatsink kidogo kushoto na kulia mpaka uisikie inaachia. Ndipo uinue.

Bakari: Nimeelewa. BIOS naiweka kwenye flashi leo, 5600 naagiza kesho. Dada, siku ya kuifunga utakuwepo?

Dada Asha: Nitakuja. Usianze bila mimi.

Mjomba Juma: Na mimi nakuja nishike tochi.