Napaua Kibada: vigae vya sola, paneli juu ya bati, au paa la kuficha?

Mama Barafu, Kibada
Wakuu habari za jioni. Nyumba yangu ya Kigamboni imefika kwenye lenta, mwezi ujao napaua, Mungu akipenda. Nataka sola iingie kwenye hesabu tangu sasa, maana nina friji na friza la biashara ya barafu, na umeme ukikatika huku hujui unarudi saa ngapi. Shemeji yangu wa Ujerumani anasema niezeke vigae vya sola, paa na umeme kwa mpigo mmoja. Fundi wangu anataka paa la kuficha, lile linalozungushiwa ukuta juu, paneli zisionekane. Muuzaji wa Kariakoo kanipigia hesabu ya mfumo usio na betri, "unapunguza tu LUKU", na bei yake tamu kweli. Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijanunua mbao.

Fundi wa Chumbageni
Dada umeuliza wakati mwafaka, wengi hutuita paa limeshakwisha. Huo wa bila betri achana nao. TANESCO wakikata, inveta yake, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa nyumbani, nayo inajizima hata jua likiwa la utosi, isije ikarudisha umeme kwenye waya ukamuua fundi aliye juu ya nguzo. Barafu zinayeyuka mchana kweupe na paneli unazo! Halafu baadhi ya mita za LUKU zikiona umeme unarudi zinahesabu kama umetumia. Chukua haibridi, inveta inayochanganya sola, betri na umeme wa TANESCO, pamoja na betri ya lithiamu. Za jeli ni rahisi dukani, ila ukitaka zidumu usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo unalipia mbili unatumia moja.

Vigae vinapendeza, sikatai. Lakini vimelala juu ya paa, hewa ya chini ni kidogo, na paneli hupoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto juu ya 25. Na kila kigae kina viungio vyake. Kimoja kikigoma, Kibada utamwita nani?

Ezeka bati la msauzi geji 28, mteremko mpana uelekee kaskazini kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta. Nyuzi 10 hadi 15 zinatosha, na mvua inaosha vumbi yenyewe. Mkatalie fundi yale mapaa ya kona kona: paneli sita za wati 550 zinataka kama mita za mraba 16 mahali pamoja, na kila moja ina karibu kilo 28. Aongeze papi, zile mbao za kupigilia bati, pale zitakapokaa reli za kushikia paneli. Skrubu zipite kwenye mgongo wa bati, siyo bondeni maji yanakopita, na ziwe za chuma cha pua. Chumvi ya bahari haina huruma.

Mzee wa Nyali
Salamu kutoka Mombasa. Bi dada, paa la kuficha ukilitaka sana, pima urefu wa ule ukuta wa pembeni. Asubuhi na jioni unatupa kivuli, na paneli zilizoungwa mfululizo, moja ikifunikwa inawavuta wenziwe. Jirani yangu stima yake ya sola huanza saa nne kwa sababu hiyo hiyo.

Mama Barafu, Kibada
Asanteni sana. Basi mnara wa simtanki niliuchora upande wa kaskazini, nauhamishia kusini kesho. Friji, friza na pampu ya hosipawa moja, inveta ya kilowati 3 itabeba?

Fundi wa Chumbageni
Itakusumbua. Hosipawa moja ni wati 750 hivi, lakini ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya hapo, na friza likiwaka sekunde hiyo hiyo inveta inalia. Chukua ya 5. Paneli sita siku ya jua zuri zitakupa kama uniti 12, masika punguza. Pampu uiwashe mchana. Na kabla hawajafunga dari, wapitishe bomba la nyaya kutoka kwenye paa hadi chumba cha betri, kisiwe jikoni.