Tupeane uzoefu: kituko gani cha sherehe au starehe kilikukuta Ujerumani?

Mpwa wa Mjomba
Wakuu, habari za jioni. Leo nilikuwa napanga begi la zamani nikakuta nusu tai. Nusu ya juu, ile yenye fundo. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Ilikuwa Februari 2018, niko Köln kwa mafunzo kazini, wiki ya pili tu. Siku naondoka mjomba aliniazima tai yake ya hariri, akaniambia ugenini mtu huheshimiwa kwa alivyovaa. Alhamisi hiyo nikaifunga vizuri, nikatoka. Kwenye treni naona watu wamevaa kama nyuki, wengine maharamia, mzee mzima kajibandika ndevu za kijani. Nikasema moyoni, labda kuna harusi ya matajiri.

Nafika ofisini, natulia kwenye meza yangu. Saa tano na dakika kumi na moja juu ya alama mlango unafunguliwa, wanaingia akina mama wanne wa uhasibu, mikasi mikononi. Wananijia mimi! Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Mmoja akashika tai, kra! Akanibusu shavuni, akaondoka na kipande chake. Ofisi nzima inapiga makofi.

Hapo ndipo nikaona kwamba hakuna mwanaume mwingine aliyevaa tai, isipokuwa bosi, naye kavaa moja kuukuu kama kamba ya mbuzi, kusudi ikatwe. Kumbe ndiyo Weiberfastnacht, siku ya wanawake kwenye sherehe za kanivali, Alhamisi ya kabla ya Jumatano ya Majivu, wanawake wanashika mji. Mjomba mpaka leo anaulizia tai yake. Huwa namwambia iko kwa dobi.

Haya, na nyie je? Mdogo wangu anakwenda huko Februari, apate pa kuanzia.

Kipara wa Mabibo
Dobi gani huyo, anafua kwa machozi? Sina mbavu.

Binti Makorora
Wewe ulikatwa tai ukashtuka, mimi nilipigwa boksi la chokoleti usoni siku ya Rosenmontag nikaona nyota. Ile Jumatatu ya kanivali magari ya mapambo yanapita saa na saa, watu juu wanarusha peremende, chokoleti na maua, wa chini wanapiga kelele "Kamelle!", yaani peremende. Wenyeji wajanja wanakuja na miavuli wanaigeuza juu chini wanakingia. Mwambie mdogo wako achukue mwavuli, asiseme hakuambiwa. Na akiwa Köln aseme "Alaaf", asithubutu kusema "Helau", hiyo ya watu wa Düsseldorf. Simba na Yanga hiyo.

Lakini kilichonimaliza ni Jumanne usiku. Kwenye mabaa wananing'iniza mtu wa majani anaitwa Nubbel, usiku wa manane wanamtoa nje wanamsomea mashtaka. Nani alikunywa mshahara wote? Nubbel! Nani alimsaliti mkewe? Nubbel! Halafu wanamchoma moto, kesho yake watu wanaenda kupakwa majivu. Huku kwetu tunasema shetani alinipitia, wenzetu wamemshonea nguo kabisa.

Kipara wa Mabibo
Huyo Nubbel nahitaji mmoja hapa nyumbani kabla ya Ijumaa.

Fundi Bomba
Köln hiyohiyo. Bia yao inakuja kwenye kiglasi cha mililita 200, kama cha dawa ya kikohozi. Nikimaliza, mhudumu analeta nyingine bila kuagizwa. Nikajua ni ukarimu. Nikamaliza, akaleta. Mtoto wa watu nisionekane sina adabu, nakunywa. Kila akileta anachora mstari kwenye kile kikaratasi kigumu cha chini ya glasi. Ilipofika mistari kumi na nne ndipo jirani akaninong'oneza: ukitosheka unafunika glasi kwa hicho kikaratasi. Nililipa mistari yote, tena taslimu, kadi walikataa.

Mzee wa Reli
Naona mmeng'ang'ania pombe. Nendeni Wuppertal mpande treni inayoning'inia. Reli iko juu, behewa liko chini yake, mnapita juu ya mto mnayumba. Ipo tangu 1901. Na mwaka 1950 watu wa sarakasi walimpandisha mtoto wa tembo humo kwa ajili ya matangazo, akachachamaa, akavunja ukuta wa behewa akatumbukia mtoni. Akatoka mzima.

Kipara wa Mabibo
Mkuu hii chai. Tembo kwenye treni?

Mzee wa Reli
Chai kunywa wewe. Jina lake Tuffi. Kuna hadi maziwa dukani yenye jina lake, na kachorwa ukutani kando ya mto. Vijana mkiambiwa na mtu mzima mnabisha, ikisemwa kwenye tiktok mnaamini.

Binti Makorora
Ni kweli, nimeona huo mchoro. Kipara omba radhi.

Kipara wa Mabibo
Samahani mzee. Ila sukari kwenye hiyo chai ilikuwa nyingi.

Msukuma wa Stuttgart
Uzi huu umenikumbusha kitu nilichokuwa nimekizika. Sijawahi kumsimulia mtu.

Nilikuwa mji mdogo karibu na Stuttgart. Ijumaa moja ya Januari, theluji mpaka magotini, wenzangu wa karakana wakasema leo twende sauna, utapona baridi. Nikapita dukani nikanunua bukta mpya ya kuogelea, ya maua. Tumefika, chumba cha kubadilishia nguo ni kimoja, wanawake kwa wanaume. Nikasema labda tumekosea mlango. Wenzangu nao wanavua. Wanavua. Hawaachi kuvua.

Nikavaa bukta yangu nikaingia. Jamani. Watu wote kama walivyotoka matumboni mwa mama zao, mabinti, wazee, mtu na mkewe, na wala hakuna anayemtazama mwenzake. Wanaangalia mimi! Bibi mmoja, umri wa bibi yangu kabisa, akaninyooshea kidole kwenye bukta, akasema hicho kitambaa ni uchafu, huku ndani hakiingii. Nikatoka, nikavua, nikarudi nimejifunika mikono kama mwizi wa kuku. Nikakaa. Yule bibi tena! Kumbe lazima taulo iwe chini yako yote mpaka nyayo, jasho lisiguse ubao.

Nikapanda benchi la juu kabisa kwenye kona, nikidhani huko nitajificha. Sikujua joto lote linapanda huko. Mara akaingia jamaa na ndoo, akafunga mlango, akamwaga maji yenye harufu ya mikaratusi juu ya mawe, akaanza kuzungusha taulo kama anapunga mapepo. Mwenzangu akaninong'oneza kuwa ikishaanza hiyo si adabu kutoka. Masikio yanaungua, meno yanaungua. Mvuke ukapungua kidogo, aliyekaa benchi la chini yangu akageuka.

Ni mkufunzi wangu. Yule anayesahihisha ripoti zangu. Pembeni yake mkewe. Akaniita kwa jina, akanyoosha mkono anipe.

Wakuu bando linaisha, nitarudi.

Kipara wa Mabibo
Wewe! Usitufanyie hivyo!

Fundi Bomba
Namrushia bando mwenyewe, weka namba. Swali ni moja: mkono aliutoa au hakuutoa? Maana ndiyo ilikuwa nguo yake.

Ustadhi Barabara ya 12
Mnacheka, lakini hili ni jambo la aibu. Mtu umetumwa kutafuta ujuzi unakwenda kuvua nguo mbele za wanawake. Mgeni si lazima afuate kila kitu.

Binti Makorora
Ustadhi, aliingia hajui. Na kwa wanaotaka kujistiri, sauna nyingi zina siku ya wanawake peke yao, unauliza mapokezi. Mimi nilikuwa naenda Jumanne, tena wanawake tupu, shida yako iko wapi?

Ustadhi Barabara ya 12
Wewe sikukusema. Nimemsema aliyekuta watu uchi akaenda kutafuta kona.

Kipara wa Mabibo
Angesimama katikati?

Mtoto wa Lindi
Wakati mnasubiri uchi wa mtu, mimi kilichonishangaza Ujerumani ni kumkuta ndugu yangu. Nimeingia makumbusho ya Museum für Naturkunde pale Berlin, napandisha macho, napandisha, shingo inauma: mifupa ya mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria, mita 13.27 kwenda juu. Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, wapagazi wetu wakabeba mifupa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Watoto wa shule wamekaa chini wanamchora. Nilisimama pale saa nzima. Mlinzi akaniuliza kama niko salama, nikamjibu natoka kwao huyu.

Mzee wa Reli
Warudishe.

Fundi Bomba
Mkirudishiwa mtamweka wapi, stendi ya mabasi? Akae hukohuko, angalau anapangushwa vumbi.

Mtoto wa Lindi
Kwa hiyo mwizi akipangusa vizuri redio yako inakuwa yake? Watu wa aina yako ndio mnaotuangusha.

Mpwa wa Mjomba
Wakuu, mjusi afunguliwe uzi wake. Hapa ni sherehe na starehe.

Mtoto wa Lindi
Sherehe yenu iko juu ya mifupa yetu. Haya, naacha.

Da Zai
Kwa mdogo wako: Berlin starehe haianzi saa nne usiku. Mimi nilivaa gauni la kung'aa, kiatu kirefu, kope za bandia, nikafika klabu moja ya tekno saa nne na nusu. Mlango umefungwa! Tukarudi saa nane. Foleni ya saa moja na nusu kwenye baridi, mbele yangu watu wamevaa nyeusi tupu kama wanatoka msibani. Bausa akaniangalia kuanzia kope mpaka kiatu, akatikisa kichwa. Basi. Haelezi. Kijana nyuma yangu mwenye fulana iliyotoboka akapita.

Wiki iliyofuata nikaazima koti jeusi la kazini, raba, uso nimeuosha kwa sabuni tu. Nikapita! Mlangoni wakabandika stika kwenye kamera ya simu, ndani hakuna picha. Tumetoka Jumapili saa sita mchana, tunapishana na watu wametoka kanisani.

Kipara wa Mabibo
Kwa hiyo nguo za kuazima zinafanya kazi Berlin, zinakatwa Köln.

Baba Asha
Bremen. Mwanaume akitimiza miaka 30 hajaoa, marafiki wanampeleka ngazi za kanisa kuu anafagia mbele za watu mpaka msichana ambaye hajaolewa aje ambusu. Nilikuwa na miaka 38 wakati huo. Nilijifanya nina mke.

Tai ya Bluu
Kijana, hiyo tai ilikuwa ya hariri, ya bluu, mistari midogo ya dhahabu? Nipigie simu.

Mpwa wa Mjomba
Nani huyu?? Akaunti imefunguliwa leo!

Kipara wa Mabibo
Nasingiziwa.

Msukuma wa Stuttgart
Nimerudi. Mkono niliutoa. Ningefanyaje? Akaniuliza, palepale, jasho linatiririka, ripoti ya pampu nimefikia wapi. Nikajibu ukurasa wa tisa. Mkewe akasema nazungumza Kijerumani vizuri.

Jamaa wa taulo alipomaliza, watu wakapiga makofi, mlango ukafunguliwa, wote mbio nje kwenye theluji. Watu uchi wamesimama bustanini usiku wanafuka moshi kama viazi vilivyotolewa sufuriani. Nami nimo. Baridi sikuisikia hata kidogo, hiyo nakiri.

Jumatatu niliingia karakana nimeinamisha kichwa. Yeye hana habari, kaniletea ripoti imejaa wino mwekundu. Kwao ilikuwa Ijumaa tu. Mimi ndiye nilichukua mwezi mzima kabla ya kumtazama usoni. Bukta ya maua ninayo, haijawahi kulowa.

Ustadhi Barabara ya 12
Uliwahi kurudi tena?

Msukuma wa Stuttgart
Kila Ijumaa mpaka naondoka. Mgongo wangu ulipona.

Ustadhi Barabara ya 12
Astaghfirullah. Ulipona kabisa? Maana na mimi mgongo huu.

Da Zai
Siku ya wanaume ipo pia baadhi ya sehemu, ustadhi. Uliza mapokezi.

Chalii wa Moshi
Habarini wakuu, sijasoma uzi wote. Nataka kwenda Oktoberfest, nimekata tiketi ya ndege ya tarehe 20 Oktoba. Mahema yanafunguliwa saa ngapi?

Fundi Bomba
Dah.

Mzee wa Reli
Inaanza Septemba, kijana, katikati ya mwezi. Jumapili ya kwanza ya Oktoba kwa kawaida ndiyo mwisho. Tarehe 20 utakuta watu wanafungua nati.

Chalii wa Moshi
Tiketi hairudishwi.

Binti Makorora
Sogea Köln, tarehe 11 Novemba saa tano na dakika kumi na moja wanafungua msimu wa kanivali. Usivae tai.