Kava la gemu yangu ya chandimu: watu wanaliona, hawabonyezi

Kipa_wa_Mtaani:

Wakuu, naomba macho yenu. Natengeneza gemu ya chandimu, mimi na mdogo wangu tu, yeye anashughulika na sauti. Wanne kwa wanne, pekupeku, magoli ya ndala, mpira wa mifuko na kamba ambao unafumuka kadiri unavyopigwa. Ukifumuka kabisa mechi inasimama mpaka mtu akimbie kuufunga upya. Waliojaribu demo wote wanacheka hapo.

Ukurasa wetu kwenye Steam, lile duka la gemu za kompyuta mtandaoni, uko hewani tangu mwezi uliopita, zile dola 100 za kuandikisha tulichangishana. Takwimu zinaonyesha kava linatokea mbele za watu, ila kati ya watu mia hata wawili hawabonyezi. Wakishaingia, wengi wanaiweka kwenye orodha ya matamanio, kwa hiyo ugonjwa nauona kwenye kava.

Lenyewe liko hivi: mchezaji katikati anapiga shuti, nyuma uwanja mkubwa wenye taa na mashabiki, kushoto jina CHANDIMU, chini nimeandika "DEMO BURE" na "Gemu ya Kwanza ya Chandimu Duniani". Timu moja nyekundu, nyingine kijani na njano, mnajua kwa nini. Jamaa mmoja kaniambia niiachie AI inichoree. Kabla sijalipa mchoraji wa pili (wa kwanza alikula advansi akazima simu), nirekebishe nini?

Kipenga_cha_Mwisho:

Hayo maandishi ya chini yatoe leo. Tangu tarehe 1 Septemba 2022 Steam hawataki kwenye kapsuli (ndivyo wanavyoyaita makava) kitu zaidi ya mchoro, jina la gemu na kijina cha pili kama ni rasmi. Nyota za wahakiki, tuzo, punguzo, "demo bure", vyote nje. Ukija kutoa toleo kubwa jipya kuna utaratibu wa kuweka kapsuli ya muda yenye tangazo, halafu inaondoka yenyewe.

Jezi: rangi hazina mwenyewe, ila nimekuza picha nikaona kifuani kwa yule mwekundu kuna kitu kinafanana mno na nembo ya watu. Kifute. EA, wale watengenezaji wa gemu ya FIFA, na pesa zao zote, walipoachana na shirikisho la FIFA ilibidi wabadili jina, FIFA 23 ikawa ya mwisho na 2023 wakaja na EA Sports FC 24. Wewe na mdogo wako mtajitetea na nini?

AI ukitumia, lile dodoso la Steam tangu Januari 2024 linakutaka utamke, na mnunuzi anaona ukurasani. Uamuzi ni wako.

FundiRangi:

Mkuu, mimi haya mambo sikuyasomea. Nimeandika daladala miaka tisa pale Buguruni mpaka mgongo ukakataa, sasa hivi nachora makava ya gemu nikiwa nimekaa kwenye kiti. Kazi ni ileile. Abiria yuko kituoni, gari linakuja mbio, konda ananing'inia mlangoni. Anachokiona kwanza ni ule mkanda wa rangi ubavuni: hii ya kwetu, hii si ya kwetu. Herufi anazisoma gari likishakaribia. Kava lako linamtaka mtu asome kabla hajaona.

Nimelifungua kwenye simu. Nyasi za kijani, anga ya buluu, taa nyeupe. Sasa tafuta "football" pale Steam ushuke na ukurasa: kijani, buluu, taa, kijani, buluu, taa. La kwako limepotea humo kama mtoto kwenye mstari wa asubuhi shuleni. Halafu umedanganya. Chandimu na uwanja wa taa wapi na wapi? Unayo rangi ambayo jirani zako hawana: vumbi la saa kumi na moja jioni, lile linalokaribia rangi ya chungwa jua likiwa ubavuni. Jaza kava lote hilo vumbi.

Mchezaji wako umemchora mzima, utosi hadi kidole. Kwenye kapsuli ndogo anabaki punje ya mchele. Ile unayowapa ya pikseli 462 kwa 174 wao wanaipunguza tena, kuna sehemu inatokea 120 kwa 45. Pikseli 45 kwenda juu, fikiria! Ndiyo maana hiyo ndogo mimi sichori mchezo kabisa, najaza jina ukingo hadi ukingo, na mpira mmoja basi. Mchoro wenyewe nauweka kwenye ya 1232 kwa 706 na ile ya kusimama ya 748 kwa 896. Na usichukue mmoja ukauvuta uingie kote. Ya kusimama inataka mguu ushuke kutoka juu, ya kulala inataka mpira ukimbilie pembeni.

Ningekuwa mimi, mtu ningemkata magotini. Mguu peku, vumbi kwenye kisigino, tobo limeshapigwa: mpira unapita katikati ya miguu ya mwenzake na kamba imeachia, inaufuata nyuma kama mkia. Mpira mkubwa kuliko kichwa cha mtu. Usichore kushangilia goli, goli likishaingia hakuna cha kusubiri. Ila kamba iliyofumuka nusu, mtu anataka kujua itaishia wapi.

Jina lako lina herufi nane, bahati hiyo, zinaenea mstari mmoja. Ila fonti uliyoweka nyembamba na imelala, inafaa magari ya mashindano. Weka nene, iwe na ukingo mweusi, na ukingo wenyewe uzidi kidogo pale unapodhani umetosha. N na M ndizo huziba kwanza zikipunguzwa, ziachie hewa.

Ukimaliza, punguza hadi hiyo 120 kwa 45, ibandike katikati ya picha ya skrini ya matokeo ya utafutaji, kisha itazame ukiwa umesimama mlangoni. Halafu toa rangi zote ibaki nyeusi na nyeupe. Mpira ukipotea kwenye udongo, cheza na mwanga, rangi haitakusaidia.

DadaPikseli:

Fundi nakusoma, ila hapo kwenye kukata kichwa nabisha. Gemu yangu ya netiboli iko Google Play, ikoni ya 512 kwa 512. Kwanza nilichora mpira na pete, ikalala. Nikaweka uso wa dada mmoja anauangalia mpira kwa jicho la kuviziavizia, ndipo watu wakaanza kuingia. Mtu anafuata macho.

Kipa, itch.io pia weka, lile duka la gemu za watengenezaji wadogo. Kule kava ni 630 kwa 500 na wanakubali GIF, picha inayocheza. Kamba yako ifumuke kweli mbele ya mtu.

FundiRangi:

Dada, kwenye ikoni una mraba, uso unakaa. Kwenye ya kulala uso unakula nafasi ya jina. Ila ile ya kusimama sibishi: mguu chini, uso wa aliyepigwa tobo juu, kachanganyikiwa. Hilo la GIF nimelipenda mno.

Kipa_wa_Mtaani:

Nimerudi. Nimechora rasimu kwa mkono jana usiku, nikaipunguza kama fundi alivyosema, nikampa mama simu bila kumwambia chochote. Akasogeza simu karibu: "Mpira wenyewe unafumuka huu, nani kaufunga?" Lile kava la zamani aliwahi kuniuliza kama ni tangazo la king'amuzi.

Kamba nyeupe ilipotea vumbini kwenye kile kipimo cha nyeusi na nyeupe. Nimeibadilisha ikawa kamba ya manila ya buluu, ile ya kuanikia nguo, nikaipaka giza kidogo na upande mmoja nikaweka mstari wa mwanga. Sasa inaonekana hata kwenye 120.

Nembo nimefuta. Na jezi zote mbili nimetoa, wanacheza vifua wazi na fulana zilizochanika. Mdogo wangu ni Yanga damu, hajaniongelesha tangu asubuhi, na faili za sauti anazo yeye. Nikizipata, rasimu ya kusimama naiweka hapa Ijumaa.