Naomba ushauri: nimepata hasara kuuza jambia la marehemu babu kwenye mnada wa mtandaoni, na bado nina silaha nyingine za kale

Kijana wa Mkomani (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum, ndugu zangu.

Naandika kutoka Lamu. Marehemu babu yetu alituachia majambia matatu yenye ala za fedha, kitara kimoja (upanga uliopinda), pembe ya baruti, na gobori refu ambalo limekaa darini tangu nikiwa mtoto. Warithi wote tumekubaliana vitu hivi viuzwe, ili tupate fedha za kubadilisha boriti za nyumba ya mama, kwa sababu mchwa wamezila kiasi kwamba kuna chumba ambacho hatuthubutu tena kulala ndani yake.

Mwaka jana nilijaribu kuuza jambia moja. Nilifungua akaunti kwenye mtandao wa mnada wa ng'ambo, nikaandika kichwa "Jambia zuri sana la kale", na nikaeleza kwamba lilitengenezwa mwaka 1780, kwa kuwa mkanda wake una reale, yaani sarafu ya fedha, iliyoandikwa mwaka huo. Kabla ya kulipiga picha nililisugua kwa ndimu na majivu kwa muda wa siku mbili mpaka likang'aa kama limetoka kwa sonara jana. Picha zilikuwa tatu, nilizipiga usiku kwa taa ya sebuleni. Mnada ulifunguliwa kwa siku tatu, ukafungwa Jumatatu saa sita mchana.

Waliotoa dau walikuwa wawili tu, na bei ya mwisho haikufika shilingi 11,000. Juu ya hayo, kampuni ya kusafirisha vifurushi ilikataa kupokea kitu chenye makali, nikalazimika kumrudishia mnunuzi fedha zake, naye akaniandikia maoni mabaya ambayo bado yanasomeka kwenye akaunti yangu. Naomba mwenye uzoefu anieleze nilipokosea, na pia anieleze iwapo gobori lile linaweza kuuzwa kwa njia hiyo hiyo.

Sonara wa Langoni

Wa alaykumu s-salaam, mwanangu. Mungu amrehemu babu yako.

Nianze na reale, kwa maana naamini hapo ndipo bei yako ilipoanza kuanguka. Sarafu ile ina sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780, na tangu afariki imeendelea kupigwa ikiwa na mwaka uleule, Vienna na katika miji mingine, kwa sababu wafanyabiashara wa Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu waliizoea na hawakutaka nyingine. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na fedha safi ndani yake ni sehemu 833 katika 1,000. Kwa hiyo reale yenye mwaka 1780 inaweza kuwa ilipigwa wakati wa babu yako mwenyewe. Inachothibitisha ni kwamba mkanda ule si wa kabla ya 1780, basi. Mnunuzi anayekusanya majambia analijua jambo hili kama sisi tunavyojua majira ya kusi na kaskazi, na alipousoma mwaka wako aliacha kuamini na maneno yako mengine yote, hata yale ya kweli.

Jambo la pili limenihuzunisha zaidi. Ule weusi uliokaa ndani ya nakshi ndio unaoifanya nakshi isomeke, na mkusanyaji huutazama kama ushahidi kwamba kitu kimezeeka chenyewe. Ukisugua kwa majivu unaondoa weusi na unakula pia kingo za kazi ya fundi. Majambia mawili yaliyobaki usiyaguse kwa kitu chochote isipokuwa kitambaa kikavu, laini. Ubapa ukiwa na kutu inayotambaa, paka mafuta mepesi kidogo sana, kisha uache. Lile ulilolisugua, ukija kuliuza tena, andika wazi kwamba lilisafishwa.

Mpwani Ughaibuni

Ndugu yangu, mimi ni mzaliwa wa Malindi ninayeishi Uingereza, na kwa miaka mingi nimekuwa nikifuatilia minada ya silaha za kale, mara nyingine kama mnunuzi, mara nyingi zaidi kama mtazamaji. Ninakuandikia kama mtu aliye upande wa pili wa kioo.

Mtu anayetaka kutoa dau hawezi kukishika kitu chako, kwa hiyo kila asichokiona anakihesabu kuwa ni kasoro, na anaipunguza bei ndani ya kichwa chake kabla hajaandika tarakimu yoyote. Sifa haziondoi shaka hiyo. Neno "zuri sana" kila muuzaji ameliandika. Kinachoiondoa ni picha ya jambia likiwa ndani ya ala na likiwa limechomolewa, pande zote mbili za ubapa, mpini kwa mbele na kwa nyuma, mshono wa ala, kila pete, kila mahali palipopasuka au palipoungwa, na rula pembeni. Piga picha asubuhi, kwenye baraza lenye kivuli, juu ya kitambaa cheupe kisicho na maua. Picha 15 si nyingi. Pima urefu na uzito, uviandike.

Nitakupa mfano kutoka kwenye bunduki, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza. Bunduki nyingi zilizoletwa Afrika katika karne ya 19 zilitengenezwa Birmingham, Uingereza, au Liège, Ubelgiji, na mtutu wa Liège huwa na muhuri wa herufi ELG ndani ya duara refu. Muhuri huo ukiwa na taji juu yake, umepigwa mwaka 1893 au baadaye. Nimeona wauzaji wawili wakiweka bunduki zinazofanana kwa karibu kila kitu: mmoja akaandika "ya kale mno, nadra", mwingine akapiga picha ya muhuri kwa karibu mpaka taji likaonekana na akanyamaza. Wa pili alipata dau nyingi na bei iliyo mbali na ya mwenzake, kwa sababu wanunuzi walijihukumia wenyewe. Majambia yako nayo yana alama zake. Anayezijua khanjar, yaani majambia ya Oman, huhesabu pete za ala, kama ni nne au saba, kwa maana ile yenye saba huhusishwa na mtindo wa Saidi, ukoo unaotawala Oman. Na hilo neno "khanjar" liweke kwenye kichwa cha tangazo pamoja na "jambia", kwa sababu ndilo wanaloandika wanapotafuta.

Kuhusu wakati: Jumatatu saa sita mchana ya Lamu, New York ni saa kumi au kumi na moja alfajiri, na London watu wamo kazini. Mnada wa siku tatu nao ni mfupi, haumpi mtu nafasi ya kuuliza swali na kujibiwa. Weka siku saba au kumi, ufungwe Jumapili jioni kwa saa za London, yaani kwetu ni kati ya saa nne na saa tano usiku. Kaa macho usiku huo, maana wengi huuliza na kutoa dau katika dakika za mwisho. Ipo mitandao ambayo huongeza muda dau likija mwishoni. GunBroker ya Marekani, kwa mfano, haifungi mnada mpaka dakika 15 zipite bila dau jipya. Mingine hufunga papo hapo, kwa hiyo soma kanuni za mtandao unaoutumia.

Bi Turathi

Vijana wangu, ushauri huu ni mzuri, lakini kuna la kutangulizwa, nami nimesikitika kwamba halikutangulizwa.

Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya mwaka 2006, kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kinahesabiwa kuwa ni cha kale, na hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo, mwanangu, ulipoandika 1780 uliandika jambo ambalo si kweli, na ambalo kama lingekuwa kweli lingekutia hatiani. Kabla ya kufungua mnada mwingine, chukua majambia na kitara uvipeleke Makumbusho ya Lamu, pale barabara ya mbele, uombe vitazamwe na uelezwe utaratibu wa kibali. Ikiwa ni vya karne ya 20, jitahidi upate maandishi yanayosema hivyo. Karatasi hiyo itakusaidia mnadani pia, kwa sababu mnunuzi wa ng'ambo anaogopa kifurushi kukamatwa forodhani kuliko anavyoogopa bei kupanda.

Gobori ni suala jingine kabisa. Usilipige picha, usilitangaze, na usipande nalo mashua kulipeleka popote. Bunduki nchini Kenya inatawaliwa na Sheria ya Silaha za Moto, sura ya 114, na ukongwe wake usikufanye udhani kwamba sheria hiyo haikuhusu. Nenda kituo cha polisi mikono mitupu, ukiongozana na mzee wa mtaa au wakili, ueleze kwamba mmelikuta katika mirathi, na uwaache wao waje walichukue na kukuelekeza. Mnaijua hali ya usalama ya kaunti yetu. Si jambo la kumfanya mama alale na wasiwasi.

Na makubaliano ya warithi, je, yameandikwa?

Mpwani Ughaibuni

Namuunga mkono Bi Turathi kuhusu gobori. Ndugu, huenda umeona bunduki za aina hiyo zikinadiwa Marekani, na ni kweli kwamba kule sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inaihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ni ya kale, na hivyo kuiuza ni rahisi zaidi. Sheria hiyo haivuki bahari. eBay yenyewe hairuhusu bunduki kunadiwa.

Mwenye Duka, Malindi

Mimi nimeuza vitu vya kale kwa wageni hapa Malindi kwa muda mrefu, na sasa nauza pia mtandaoni, ndani ya nchi zaidi kuliko nje. Nakubaliana na yaliyosemwa isipokuwa nataka kugusa bei.

Watakushauri uanze na dau dogo ili watu wavutike. Njia hiyo hufaa kwa kitu ambacho watafutaji wake ni wengi. Jambia ni kitu cha watu wachache, na wiki ambayo wawili kati yao wana shughuli nyingine, utauza kwa hasara na huwezi kurudi nyuma. Weka bei ya kikomo ambayo chini yake huuzi, hata kama mtandao unatoza ada kwa hilo. Ili uijue bei hiyo, tazama minada iliyokwisha na bei zilizolipwa kweli, wala usitazame bei ambazo wauzaji wanaomba, kwa sababu kuomba hakuna kikomo. Kisha toa kamisheni ya mtandao, gharama ya sanduku la mbao, bima na usafiri, uone kinachobaki kwa ajili ya boriti. Nyumba nyingi za mnada humtoza na mnunuzi asilimia yake, naye huipunguza kwenye dau lake mapema.

Usafiri upange kwanza, kwa maandishi. Uliza kampuni tatu kama zinapokea upanga au jambia, zinalipeleka nchi gani na kwa karatasi zipi, uandike majibu hayo ndani ya tangazo. Yale maoni mabaya hayafutiki, lakini unaweza kuyajibu kwa adabu, ukaeleza kwamba fedha zilirudishwa zote. Uza kwanza vitu vidogo viwili vitatu visivyo na mgogoro, sinia la shaba kwa mfano, ili maoni mapya yaje juu.

Kijana wa Mkomani

Nimesoma yote mara mbili, na usiku nikamsomea mama. Nawashukuru mno. Makubaliano ya warithi yalikuwa ya mdomo, Bi Turathi, na tumeafikiana tuyaandike mbele ya kadhi wiki ijayo. Kesho asubuhi nitaenda kituoni na mzee wetu kuhusu gobori.

Nina swali moja limebaki. Jambia la tatu, ambalo babu alilipenda kuliko yote, lina mpini wa rangi ya asali, na ukiushika mbele ya jua, mwanga unapenya pembeni. Wazee walisema ni pembe. Je, nilitaje hilo katika tangazo? Naona lingepandisha bei.

Bi Turathi

Usilitangaze kabisa, mwanangu. Mipini ya namna hiyo katika majambia ya Arabuni mara nyingi ilikuwa ya kipusa, yaani pembe ya kifaru, na biashara ya kimataifa ya kipusa imezuiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 1977. Hapa kwetu Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu nzito hata kwa aliyekirithi. Kama ni pembe ya ng'ombe au ya nyati, wataalamu watakuambia, na hapo mazungumzo yatakuwa mengine. Lipeleke pamoja na yale mawili, uwaeleze ulivyolipata, na uwaachie walitambue.

Sonara wa Langoni

Kabla hujakwenda makumbusho, pitia kwangu baada ya sala ya Alasiri ukiwa na yale mawili ya mwanzo. Nitakupimia ala, nitakuonyesha palipoungwa upya na palipo pa asili, ili utakapoulizwa na mnunuzi ujibu kwa unachokijua. Yafunge kwa kitambaa cha pamba, kila moja peke yake, na ndimu uiache nyumbani.