Posho ya watoto Uingereza: mnaosema "iongezwe tu, kodi itarudisha", itarudi kutoka mfukoni mwa nani?

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Kila yakizuka mazungumzo ya kuongeza posho ya watoto (pesa ambayo serikali huwalipa wazazi) hapa Uingereza, hakosi mtu wa kusema gharama si tatizo: wapewe wote, wenye nacho watakatwa kwenye kodi. Wenye nacho ndio mimi? Mzazi peke yangu, watoto watatu, mshahara umevuka pauni 60,000 kwa mwaka kidogo (na napanga London, msisahau).

Tupige hesabu. Kwa viwango vya 2025/26, mtoto wa kwanza ni pauni 26.05 kwa wiki, wanaofuata 17.25 kila mmoja. Watatu wanafika kama 3,150 kwa mwaka. Ukishavuka 60,000, kila pauni 200 inakula asilimia 1 ya posho. Ukigonga 80,000 imekwisha yote. Weka juu yake kodi ya asilimia 40 na bima ya taifa asilimia 2: nikipiga ovataimu ya pauni 100, naondoka na 42. Sasa mniongezee pauni 10 kwa wiki kwa kila mtoto. Ndiyo, mwanzoni nitapokea zaidi. Lakini makato yanapimwa kwa posho nzima, kwa hiyo ile 42 inashuka, haifiki hata 35! Zamu ya Jumamosi niifanye kwa ajili ya nani?

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Wanandoa wenye 60,000 kila mmoja, jumla 120,000, hawaguswi hata peni. Mimi peke yangu nikifika 80,000, natoka kapa. Ni hivyo tangu makato haya ya Osborne, waziri wa fedha wa wakati ule, yaanze Januari 2013; viwango vya kipato yanapoanzia na kuishia tu ndivyo vilivyosogezwa. Machi 2024 Hunt, waziri wa fedha wakati huo, akaahidi kwamba kufikia Aprili 2026 kitapimwa kipato cha kaya. Oktoba mwaka huohuo Reeves, aliyemrithi, akalifuta wazo hilo, eti lingegharimu pauni bilioni 1.4 kufikia 2029/30. Kumbe gharama huwa mnaiona!

Halafu mara nyingi posho inaingia akaunti ya mama, deni la makato linamwangukia mwenye kipato kikubwa ndani ya nyumba, hata kama ni mwenza tu na watoto si wake. Nani alikaa akabuni hii?

Mnataka iongezwe? Iongezwe. Ila semeni kwanza makato yataanzia wapi, na yatapima mtu au kaya. Kabla ya hapo msiniletee habari za "itajilipa yenyewe".