Miguu ya mama imevimba: ni hizi dawa za jeneriki?

Kutoka Columbus, Ohio

Ndugu zangu, poleni na baridi. Mama yangu alikuja mwezi wa nane kutoka Dar. Ana presha, na kule alizoea Norvasc. Huku famasia wamempa jeneriki, yaani dawa ileile isiyo na jina la kampuni ya kwanza: chupa iliyoandikwa amlodipine, mg 10. Anameza kwa shingo upande: "Hizi za India, mwanangu. Mimi nataka orijino." Bima haitaki kusikia habari ya Norvasc, na nilipoulizia bei ya mfukoni nikaaga na kuondoka. Sasa wiki ya tatu vifundo vya miguu vimevimba, viatu haviingii. Yeye ananiambia, si nilikwambia? Nifanyeje?

Kutoka Dallas

Pole, dada. Mimi namezea sukari metformin, na kila nikijaziwa chupa umbo limebadilika. Mwanzo nilizirudisha mara mbili. Sukari haikuyumba, nikaacha ubishi.

Kutoka Minneapolis

Mwambie mama shikamoo. Nafanya kazi famasia, na hofu yake naielewa, maana nyumbani dawa feki zipo kweli. Ila feki ni kitu kingine na jeneriki ni kingine. Hapa Marekani, tangu sheria ya 1984, anayetengeneza jeneriki harudii majaribio yote ya mwanzo, lakini lazima athibitishe kwa FDA, mamlaka ya dawa ya huku, kwamba dawa iliyomo ni ileile, kipimo kilekile, na inaingia kwenye damu kwa kiasi na kasi inayolingana na ile ya kwanza. Sura hutofautiana kwa sababu ya sheria za nembo za biashara. Kati ya vyeti kumi tunavyohudumia, kama tisa ni jeneriki. Pfizer wenyewe, walioitoa Norvasc, waliwahi kuuza amlodipine kupitia kampuni yao ya Greenstone. Mwambie hilo, wazee hulipenda.

Siwezi kusema zote ni sawa kwa kila mtu. Kwa dawa za kifafa, au levothyroxine ya tezi, mimi ningemwomba mfamasia asinibadilishie kiwanda ovyo, na daktari anaweza kuandika kwenye cheti kwamba jina fulani lisibadilishwe. Presha haina shida hiyo.

Kuhusu miguu: amlodipine yoyote, ya jina lolote, huweza kuvimbisha vifundo, na kadiri kipimo kinavyopanda ndivyo inavyozidi. Mg 10 kwa siku ndicho kiwango cha juu. Mpigie daktari leo. Halafu, dada, usikasirike: umeangalia begi lake?

Kutoka Columbus, Ohio

Nimeangalia. Boksi la Norvasc kutoka Dar, limebaki nusu. Asubuhi anameza ya chupa ili nisinune, usiku anameza yake "ya kweli". Kumi na kumi, kila siku! Alidhani ni dawa mbili tofauti kwa kuwa majina ni mawili. Daktari kasema abaki na moja tu, ya chupa, na kesho nimpeleke wampime.

Nimemwagia mezani kila kilichokuwa begini. Kuna Panadol pia, anazimeza kwa ajili ya magoti. Na juzi tu nilimnunulia Tylenol, mimi mwenyewe, nikamwambia ni nzuri sana kwa magoti, meza mbilimbili.

Kutoka Minneapolis

Hiyo nayo ni paracetamol, dada. Huku wanaiita acetaminophen.